Ukilipa Kidogo, Wanapunguza Nini?

Haya ni maneno niliyosema kwenye kongamano la vijana wetu wa Kanda ya Ziwa, Mwanza. Wengi mliomba maandishi. Nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimesafisha tu pale ulimi ulipoteleza.



Katibu aliniambia nizungumzie uchumi wa usafiri wa anga. Nikamwambia katibu, mimi uchumi wangu ni wa kutafuta tiketi ya bei chee saa sita usiku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Akasema basi zungumzia hicho hicho. Kwa hiyo leo nazungumza kama abiria, tena abiria wa mfuko mwembamba.

Naanza na mama yangu. Mama anaishi Bukoba. Mwaka 2023 alitakiwa kwenda Dar kliniki, moyo ulikuwa unamsumbua, na daktari alisema wazi kwamba basi hapana. Bukoba mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,300 za barabara, na mtu mwenye moyo wa kuyumba huwezi kumkalisha kwenye kiti cha basi usiku na mchana. Nikaingia mtandaoni, nikakuta tiketi mbili za siku moja. Moja ilikuwa chini ya nyingine kwa Sh 95,000. Nyie mnajua 95,000 ni nini. Hiyo ni dawa za mama za mwezi na nauli yake ya kuzunguka Dar.

Nikampigia nikamwambia, mama, nimepata ya bei nafuu. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, ukilipa kidogo, wanapunguza nini?"

Lazima mwelewe anakotoka yule mama. Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi, msimu wa senene, ndege ya Precision Air kutoka Dar iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwa watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, na picha ambayo nchi nzima inaikumbuka ni ya watu wamesimama majini wanaivuta ndege kwa kamba. Mama hakuona kwenye simu. Alikuwa Bukoba. Kesho yake alikwenda Kaitaba kuaga miili pamoja na mji mzima. Sasa miezi michache baadaye mtoto wake anampigia kwa furaha eti amepata ndege ya bei nafuu.

Sikuwa na jibu. Nikafanya wanachofanya wengi wetu: nikanunua ile ya bei kubwa. Nikajiambia nimelipia usalama. Mama akaenda, akarudi, Mungu mkubwa. Lakini lile swali lilibaki na mimi, nikaanza kulifuatilia, na ninachowaletea leo ni nilichokikuta.

La kwanza, jamani, nauli haiwezi kumjibu mama. Bei peke yake haikuambii chochote kuhusu usalama, wala ndogo wala kubwa.

Kuna mashirika yamejenga jina lote kwa nauli ya chini. Southwest ya Marekani inaruka tangu 1971. Ryanair ya Ireland ilianza miaka ya 1980, na mpaka leo haijapata ajali iliyoua abiria wake, pamoja na kwamba kila mtu Ulaya anailalamikia. Wanapunguza nini? Wanapunguza chakula. Wanakutoza begi. Wanajaza viti. Southwest ilichagua aina moja tu ya ndege, Boeing 737, kwa hiyo rubani yeyote anaendesha yoyote, fundi yeyote anajua yoyote, na stoo inatunza vipuri vya aina moja. Ndege ikitua, inashusha watu, inapakia, inaondoka haraka, kwa sababu ndege ikiwa chini haiingizi hela. Huko ndiko nauli inakoshukia, na hakuna mahali hapo ambapo mtu amegusa bolti.

Na hapa kwetu tuliwahi kuwa nayo. Novemba 2012 Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya kuanzia Sh 32,000 kabla ya kodi na tozo. Wangapi humu walipanda ndege mara ya kwanza kwa ile nauli? Nyoosheni mikono, msione haya. Mnaona? Na mimi ni mmoja wenu. Nilivaa shati la harusi ya kaka yangu, nikapiga picha na ngazi. Watu walisema kitu cha bei hii kitaanguka tu. Ikaruka miaka sita bila kuua mtu. Mwishoni mwa 2018 ikasimama, kwa madeni na kukosa ndege.

Sasa geuzeni upande wa pili, tuvuke hapo Kongo. Mashariki mwa Kongo wasemao Kiswahili ni ndugu zetu, na huko nauli ya ndege ni ghali kwa sababu barabara hamna. Mtu wa huko anayetaka kwenda Kinshasa hana basi la kuchagua. Analipa pesa nyingi, na anachopata kwa pesa ile ni anga lenye rekodi mbaya miongoni mwa zote duniani. Kulikuwa na shirika linaitwa Hewa Bora. Jina lenyewe Kiswahili kabisa. Aprili 2008 ndege yake ilishindwa kuruka Goma, ikapita mwisho wa njia ikaingia kwenye mtaa wa soko. Wengi wa waliokufa walikuwa chini, watu ambao hawakununua tiketi yoyote, ya rahisi wala ya ghali. Julai 2011 nyingine ya shirika hilohilo ikaanguka Kisangani, wakafa zaidi ya 70.

Kwa hiyo bei kubwa haikuwalinda Wakongo, na bei ndogo haikutuua sisi. Kuna kitu kingine kinaamua.

Nitawaeleza kisa kimoja kwa urefu kidogo, mnivumilie, kwa sababu humo ndani swali la mama lina jibu. Marekani, mji wa Atlanta, mwaka 1993, kampuni ya ValuJet ilianza na ndege mbili za zamani aina ya DC-9. Nauli zao zilikuwa chini mno, watu wakazipenda, na kampuni ikakua kama moto wa nyika. Hawajamaliza miaka mitatu tayari wana ndege zaidi ya 50. Matengenezo mengi waliyakodisha kwa kampuni za nje. Hilo si kosa peke yake, mashirika mengi yanafanya hivyo. Lakini ukikodisha kazi lazima uwe na mtu wa kwenda kuangalia kama imefanyika.

Tarehe 11 Mei 1996, ndege yao iliondoka Miami kwenda Atlanta. Kwenye chumba cha mizigo kulikuwa na maboksi yenye vile vifaa vidogo vinavyozalisha oksijeni ya dharura, ile inayotoka juu ya kiti chako kukiwa na shida. Vilikuwa vimekwisha muda wake, mafundi wa kampuni ya nje wamevitoa kwenye ndege nyingine. Kifaa kile kikiwaka kinatoa joto kali sana, ndiyo maana kina kifuniko chake cha usalama kinachotakiwa kuvalishwa kabla ya kusafirishwa. Kifuniko ni kitu cha bei ya peremende. Hawakuvivalisha. Kwenye makaratasi ikaandikwa kwamba ni vitupu. Vikapakiwa, vikawaka angani, na dakika chache baadaye ndege ikaingia kwenye vinamasi vya Everglades. Watu 110, hakupona hata mmoja.

Mnaona walichopunguza? Hawakupunguza soda. Walipunguza mtu wa kusimama pale na kusema, "Hebu fungua boksi nione."

Lakini hilo bado si lililoninyima usingizi. Miezi mitatu kabla, Februari 1996, ndani ya mamlaka yao ya anga, FAA, wataalamu walikuwa wameshaandika waraka. Waliiangalia rekodi ya ValuJet wakapendekeza kwamba shirika lichunguzwe upya kama linastahili leseni. Waraka ukakaa ofisini, na wananchi walikuja kujua upo baada ya watu kufa. Na siku zile za mwanzo baada ya ajali, waziri wao wa uchukuzi alisimama mbele ya kamera akasema shirika ni salama. Juni mwaka huohuo, shirika likasimamishwa kuruka.

Sasa fikirieni abiria aliyenunua tiketi ya tarehe 11 Mei. Mtu anamwambia, bwana, si ungepima bei na usalama? Angepima na nini? Bei alikuwa nayo, imeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye tangazo. Usalama ulikuwa kwenye faili ambalo haruhusiwi kulisoma. Umempa mtu mizani yenye sahani moja, halafu unamlaumu kwamba hajui kupima.

Wamarekani walifanya nini baada ya hapo? Mengi, lakini moja ni la kwetu hasa. Sheria yao iliitaka mamlaka ileile isimamie usalama na papo hapo ikuze biashara ya ndege. Yaani refa ndiye anayeuza jezi. Mwaka huohuo wa 1996 Bunge lao likaibadilisha, likasema kazi ya kwanza ni usalama. Miaka yote hiyo walikuwa wanajua kuna mgongano, wakaamka baada ya watu 110 kufa.

Mnafahamu mwaka 1996 Mei sisi tulikuwa wapi. Siku kumi baada ya ile ya Miami, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilizama hapa karibu na Mwanza, mamia ya watu wetu wakabaki humo. Sitazungumzia meli leo. Nimetaja kwa sababu humu kuna watu wanapita pale kila mwaka na maua, na wao hawahitaji kuelezwa maana ya chombo kilichopakia watu kuliko uwezo wake huku kila mtu anaona na hakuna mwenye kazi ya kukizuia.

Turudi nyumbani. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao. Tukapiga kelele mitandaoni, wengine kwa uchungu, wengine, tuseme ukweli, kwa kushangilia. Juni 2025 ikaja kubwa zaidi: mashirika yote yenye cheti cha Tanzania yakaingizwa. Yote, makubwa na madogo, ya serikali na ya watu binafsi, ya bei nafuu na ya bei kali, mpaka vile vindege vinavyopeleka watalii mbugani.

Nataka muelewe maana yake, kwa sababu nimeona watu wetu wakiandika kwamba Wazungu wamesema ndege zetu ni mbovu. Hawakusema hivyo. Wakitaka kusema shirika fulani ni bovu, wanalitaja hilo moja. Wakiwaweka wote kwa mkupuo, wanachosema ni kwamba hawamwamini mkaguzi. Mtihani uliofelishwa ni wa msimamizi. Inawezekana kabisa humo ndani kuna shirika zuri, lina mafundi makini na marubani wenye nidhamu. Limefungiwa pamoja na wengine kwa sababu mtu ambaye angetakiwa kuthibitisha uzuri wake hatoshi kuaminika. Kama nyie ni wenye shirika hilo, mmeonewa, na aliyewaonea yuko hapa hapa nchini.

Wapo watakaosema ni ubeberu. Sawa, Ulaya wana biashara zao, hakuna aliye malaika. Lakini majirani zetu Kenya hawamo kwenye ile orodha, na Kongo wamo tangu 2006, kwa hiyo ubeberu huo unachagua kwa kitu fulani. Na hata kama ni ubeberu, swali la mama bado linasubiri. Mama haendi Brussels, anakwenda Dar.

Sasa niseme na sisi wenyewe, na najua hapa nitakosana na baadhi yenu.

Mnakumbuka Bombardier zilipokuja mwaka 2016, zile za mapanga? Tulizicheka. "Pangaboi!" Tukasema serikali imenunua feni. Na mimi nilikuwemo, tena nilikuwa na mdomo mrefu. Kumbe ndege ya mapanga ndiyo inayofaa njia fupi na viwanja vidogo kama vyetu, na duniani inaruka kila siku. Kulikuwa na maswali ya msingi juu ya ule ununuzi: utaratibu wake, malipo yake, nani alikagua hesabu. Tukayaacha yale tukashika feni, kwa sababu feni inachekesha.

Halafu zikaja Airbus A220, zikaanza kukaa chini kwa matatizo ya injini. Tatizo la injini zile lilikuwa la dunia nzima, si la Tanzania peke yake. CAG akatoa ripoti, hasara ya ATCL mwaka 2023/24 Sh bilioni 91.8, na moja ya sababu ni ndege kutoruka. Tukarusha picha: ndege zimepaki kama bajaji bovu! Nilirusha na mimi, ikapata watu wengi, nikajisikia mtu.

Leo najuta ile picha. Ndege yenye injini ya mashaka ikikaa chini, hapo mfumo umefanya kazi. Ni hasara, lakini ni hasara ninayoikubali kwa niaba ya mama yangu. Sasa fikiria wewe ndiye meneja wa shirika, na kila ndege ikikaa chini siku mbili kuna vijana elfu wanakucheka mtandaoni na waziri anakupigia simu kuuliza kwa nini. Siku ya tatu utaanza kumtazama fundi kwa jicho gani? Utamwambia nini akikuletea karatasi ya kusema hii isiruke? Kelele zetu zinaingia mpaka kwenye karakana, makamanda. Tuulize kwa nini hakukuwa na injini za akiba, tuulize mkataba ulisemaje kuhusu fidia, tuulize kwa nini hasara inafichwa mpaka CAG aje. Tusiulize kwa nini haijaruka.

(Hapo ukumbi ulinyamaza kidogo. Kuna mmoja nyuma alisema, "Msaliti!" Tulicheka, lakini nadhani nusu alimaanisha.)

Mfano wa mwisho, wa nchi iliyopitia hapa tulipo. Indonesia ni visiwa maelfu, ndege ni daladala yao. Miaka ya 2000 mashirika ya bei nafuu yaliota kama uyoga. Moja liliitwa Adam Air. Tarehe 1 Januari 2007 ndege yake ilitumbukia baharini na watu 102. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za matengenezo wakakuta kwamba ndani ya miezi mitatu ya mwisho, hitilafu zinazohusiana na kifaa kilekile cha kuelekeza ndege ziliandikwa mara 154. Mara 154! Marubani wanaandika, mafundi wanafuta vumbi, ndege inaruka. Rekodi ya usalama ilikuwepo, tena kwa mwandiko wa mkono, kila siku. Abiria tu ndiye hakuwa nayo.

Machi mwaka ule ndege ya Garuda, shirika la serikali lenyewe, nayo ikaungua uwanjani Yogyakarta, wakafa 21. Mwezi huohuo wizara yao ikafanya jambo ambalo ningependa mlikumbuke mkirudi nyumbani. Ikayapanga mashirika yote kwenye madaraja matatu ya usalama, na ikayatangaza hadharani. Unajua daraja la kwanza lilipata mashirika mangapi? Hakuna. Hata Garuda haikupata. Serikali ilitangaza mbele ya wananchi wake kwamba shirika lake lenyewe halijafika.

Miezi michache baadaye Umoja wa Ulaya ukawafungia wote, kama sisi. Garuda na wenzake wachache wakatoka mwaka 2009. Adam Air ilikuwa imeshanyang'anywa ruhusa ya kuruka mwaka 2008. Nchi nzima ikatoka kwenye orodha Juni 2018, yaani miaka 11. Na nisiwadanganye kwamba orodha ni hirizi: Oktoba mwaka huohuo wa 2018 Lion Air, la bei nafuu, lilipoteza ndege mpya kabisa na watu 189, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa kwenye ndege yenyewe ilivyoundwa na Boeing huko Marekani. Hakuna anayeweza kumuahidi mama kwamba haitaanguka. Ninachoweza kumuahidi ni kwamba tunachokijua, naye anakijua.

Na sisi hatuna hata hicho. Shirika la ndege la serikali liko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inayolikagua, iko chini ya wizara hiyohiyo. Mkaguzi wa TCAA akitaka kuisimamisha ndege ya serikali, waziri anayepokea taarifa yake ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba shirika linafanya vizuri. Sisemi mkaguzi yule ni mwoga. Yawezekana ni jasiri kuliko sisi wote humu. Nasema tumemuweka mahali ambapo kufanya kazi yake kunahitaji ujasiri, wakati ingetakiwa ihitaji kalamu tu.

Kwa hiyo ninachotaka vijana wa chama hiki tukishike ni kidogo na ni cha kuandika kwenye ilani bila hata kutumia maneno makubwa. Mkaguzi atoke chini ya wizara inayosimamia shirika la serikali, ajibu kwa Bunge. Mchunguzi wa ajali naye awe peke yake, asiwe chini ya mkaguzi wala mmiliki, kwa sababu siku nyingine mwenye kosa anaweza kuwa mmojawapo kati ya hao. Sheria za kimataifa zinataka ripoti ya awali ya ajali itoke ndani ya siku 30 na ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Basi zote ziwekwe wazi, kwa Kiswahili, mvuvi wa Bukoba aliyeingia majini asome kilichotokea. Na matokeo ya ukaguzi wa kila shirika yatangazwe kila mwaka kwa madaraja, kama Indonesia, la serikali likiwemo. Likishika mkia, liandikwe limeshika mkia.

Mtu atasema mkitangaza hivyo mtaua mashirika. Yale yanayoishi kwa sababu hatujui, ndiyo. Lile zuri la bei nafuu litafufuka, kwa sababu leo linashindwa kumthibitishia mtu kama mama yangu kwamba nauli yake ni ndogo kwa kuwa haligawi karanga. Na mimi nataka nauli ndogo, msinielewe vibaya! Nataka mtoto wa Kagera apande ndege kwa Sh 32,000 tena, avae shati la kaka yake, apige picha na ngazi.

Kwa sasa hivi, wakati tunapigania hayo, kuna machache unaweza kufanya mwenyewe. Orodha ya Ulaya iko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaisoma bure. Kuna ukaguzi unaitwa IOSA, wa chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, na majina ya waliofaulu nayo yamewekwa wazi. Tafuta la shirika lako. Angalia jina la anayeirusha ndege, si la aliyekuuzia tiketi tu, maana wakati mwingine ni wawili tofauti. Usihangaike sana na umri wa ndege, hangaika na anayeitunza. Na usikimbilie basi la usiku kwa kuogopa ndege. Misiba ya barabara zetu mnaizika nyie wenyewe kila mwezi, sina haja ya kuwahesabia.

Zile tiketi mbili za 2023, nilikuja kuzifuatilia baadaye. Mashirika yote mawili yalipewa leseni na ofisi ileile, yanakaguliwa na watu walewale, na leo yote mawili yako kwenye orodha ileile. Ile 95,000 niliyoongeza, sehemu ilikuwa ya begi la kilo 23, sehemu ni kwamba nilinunua kwa kuchelewa. Usalama haukuwemo. Nilikuwa nimenunua usingizi wangu mwenyewe, tena usingizi wa usiku mmoja.

Mama ana kliniki tena mwezi ujao. Jana usiku nilikuwa kwenye simu natafuta, ziko mbili, moja ipo chini kwa Sh 80,000. Sijampigia bado.